Siri ya madoa ya paka: Kila rangi na harufu ina maana yake

Mwenye nyumba aamkapo asubuhi na kukuta doa la kahawia kwenye shuka jeupe, au michirizi ya manjano iliyokauka ukutani nyuma ya kochi, hukumu huwa imeshatolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Paka ndiye mshtakiwa, na adhabu ni kofi, kumwagiwa maji au kufungiwa nje usiku kucha.

Mara nyingi ni kweli kwamba paka ndiye aliyeliacha doa hilo. Hata hivyo, kumjua mwenye kosa ni nusu tu ya fumbo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito, ni kujua sababu. Sababu hiyo yaweza kuwa jambo dogo linalomalizwa kwa kitambaa na maji, na yaweza pia kuwa maradhi yatakayomuua mnyama huyo kabla ya siku tatu kwisha.

Daktari wa mifugo anayeletewa malalamishi ya aina hii huanza kwa maswali. Doa liko wapi? Lina umbo gani? Rangi yake ni ipi? Linanuka vipi? Lilianza kuonekana lini? Maswali hayo hayahitaji maabara, na mtu yeyote mwenye macho na pua anaweza kuyatafutia majibu kabla hajachukua ufagio.

Je, ni paka kweli?

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mkosa si mwingine. Katika nyumba nyingi za humu nchini, hasa zile zenye dari ya mbao chini ya mabati, paka si kiumbe pekee anayeacha alama. Mjusi wa ukutani huacha kinyesi kidogo cheusi chenye ncha nyeupe. Ncha hiyo nyeupe ndiyo humsaliti, kwa kuwa kinyesi cha paka hakina kitu kama hicho.

Popo wanaolala juu ya dari nao hukojoa na kunya hadi mbao zikalowa na kuacha ramani za kahawia zinazoanzia juu na kushuka chini. Maji ya mvua yaliyopitia kwenye mabati yenye kutu hufanya vivyo hivyo. Alama inayoanzia juu ya kichwa cha mtu, mahali pasipo na rafu wala kabati la kupandia, ni dhuluma kumsingizia paka.

Katika maeneo ya udongo mwekundu kama vile Kiambu, Murang'a na Nyeri, nyayo za paka aliyetoka shambani baada ya mvua huweza kudhaniwa kuwa damu zikishakaukia kwenye kitambaa. Dawa ya shaka hiyo ni rahisi. Sehemu yenye doa ikisuguliwa ndani ya gilasi ya maji baridi na kuachwa kwa muda, udongo hutulia chini kama mashapo. Damu huyapaka maji rangi, isizame.

Ukutani na sakafuni

Ikishabainika kwamba ni paka, umbo la doa ndilo shahidi wa kwanza. Madaktari hutenganisha mambo mawili ambayo machoni pa mwenye nyumba huonekana kuwa kitu kimoja, yaani kupuliza mkojo na kukojoa.

Paka anayepuliza husimama wima, huugeuzia ukuta mgongo, huinua mkia ukatetemeka, kisha hurusha mkojo kidogo kwa nyuma. Matokeo yake ni michirizi inayoteremka kutoka usawa wa goti la mtu au chini kidogo. Michirizi hiyo hupatikana kwenye kuta, mapazia, miguu ya meza, milango, na hata magurudumu ya gari lililoegeshwa nje.

Kwa paka hilo si kosa, ni tangazo. Dume asiyehasiwa huwatangazia madume wengine kwamba mtaa huu una mwenyewe. Majike nao hupuliza, hasa wanapokuwa katika joto. Katika miji kama Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ambako paka huzurura vichochoroni kwa wingi na kuta zimepakwa chokaa nyeupe, matangazo hayo husomeka hata kwa mgeni asiye na paka.

Kuhasi dume hupunguza au kukomesha tabia hiyo kwa takriban paka tisa kati ya kumi. Anayebaki akipuliza baada ya kuhasiwa mara nyingi ana jambo linalomsumbua, kwa mfano paka wa jirani anayekuja kumkodolea macho dirishani kila jioni. Ukuta wa chini ya dirisha ukiwa ndio unaoloweshwa kila mara, hakuna haja ya kutafuta mbali.

Kukojoa ni jambo jingine. Paka huchutama, na anachoacha ni dimbwi la mviringo mahali palipolala: godoro, zulia, rundo la nguo chafu, sakafu ya bafu. Dimbwi kama hilo nje ya mahali pa kawaida lina tafsiri mbili kubwa. Ama paka hapendi mahali alipotengewa, au anaumwa.

Sababu za kutopenda ni nyingi na za kibinadamu kabisa. Karai la mchanga limejaa na halijasafishwa kwa siku mbili. Limewekwa karibu na chakula chake. Limewekwa kando ya mashine ya kufulia nguo inayonguruma. Au wako paka wawili na karai ni moja, ilhali ushauri wa kawaida ni kuwa na makarai sawa na idadi ya paka, kisha kuongeza moja.

Tatizo hili limezidi katika nyumba za ghorofa za mijini. Paka aliyezaliwa kijijini, aliyezoea kuchimba udongo laini chini ya migomba, huletwa Nairobi akafungiwa ghorofa ya nne. Udongo pekee anaouona ni ule wa kwenye chungu cha maua. Akiutumia, huitwa mkorofi.

Harufu na taa ya noti

Mkojo wa paka una harufu inayowashinda hata wanaompenda, na sababu zake ni za kale. Paka wa nyumbani ametokana na pakapori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa maeneo makavu ambaye angali anapatikana katika nyika za Kenya. Figo za viumbe hawa hubana maji sana, kwa hiyo mkojo hutoka mchache na mzito.

Aidha, mkojo huo una kemikali iitwayo felinini. Mwaka wa 2006, watafiti wa Japani walionyesha jinsi protini maalumu iliyomo katika mkojo wa paka inavyosaidia kuitengeneza, na madume wasiohasiwa ndio wenye kuitoa kwa wingi zaidi. Felinini yenyewe haina harufu kali. Harufu huja inapovunjikavunjika baada ya kukaa, ndiposa doa la jana hunuka kuliko la leo, na mwenye nyumba hushangaa kwamba chumba kinazidi kunuka ilhali paka hajaingia.

Doa likishakauka kwenye zulia la rangi nyingi, jicho haliwezi kulipata. Hapa ndipo taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ambayo wafanyabiashara wengi wanayo dukani, hupata kazi ya pili. Taa hiyo hutoa miale ya urujuanimno. Ikiangaziwa sakafuni na ukutani usiku, taa nyingine zikiwa zimezimwa, mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya manjano inayoelekea kijani.

Taa hiyo ina mipaka yake. Mabaki ya sabuni ya unga hung'aa pia, na majimaji mengine ya mwilini vilevile. Taa huonyesha mahali pa kunusa, haisemi ni nani wala kwa nini. Isitoshe, isielekezwe machoni.

Penye paka wengi, kumjua aliyekojoa kwaweza kuwa kazi ngumu. Njia ya kwanza ni kuwatenga kwa zamu, kila mmoja chumba chake kwa siku kadhaa. Njia ya pili ni ya daktari. Yupo anayeweza kumpa paka mmoja rangi maalumu isiyodhuru ambayo huufanya mkojo wake ung'ae zaidi chini ya taa ya aina hiyo.

Kuna alama nyingine za ukutani ambazo hazihusiani na mkojo kamwe. Pembe za kuta na miimo ya milango hupata utandu wa kahawia wenye mafuta katika kimo cha kichwa cha paka, mahali anaposugua mashavu kila apitapo. Dume mwenye tezi zinazotoa mafuta mengi kwenye shina la mkia naye huacha mng'aro kama huo alipoegemea. Kitambaa chenye maji ya sabuni chatosha.

Nukta nyeusi kitandani

Malalamishi yanayofuata kwa wingi ni yale ya vinukta vidogo vyeusi, mfano wa pilipili manga iliyosagwa, vinavyoonekana mahali paka alipolala. Wengi huvipangusa wakidhani ni vumbi. Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye paka angepaswa kulijua.

Chukua karatasi nyeupe ya shashi, ilowanishe kwa maji, kisha uviweke vinukta hivyo juu yake. Vumbi litabaki jeusi. Lakini vinukta vikianza kutoa rangi nyekundu ya kutu inayosambaa kwenye karatasi, hicho ni kinyesi cha viroboto, na rangi hiyo ni damu ya paka iliyomeng'enywa. Kwa njia hiyo hiyo, shuka jeupe likipata unyevu kidogo, vinukta hivyo hugeuka kuwa madoa mekundu yasiyoeleweka, na familia nzima ikaanza kumtafutia paka kidonda ambacho hana.

Viroboto huja na mgeni mwingine. Paka anapojiramba na kumeza kiroboto aliyebeba mabuu, hupata tegu. Vipande vya tegu hutoka kwa njia ya haja kubwa na kubaki kwenye matandiko. Vikiwa vibichi hufanana na punje za mchele zinazotambaa. Vikikauka huwa vya manjano na hufanana na ufuta. Kumpa paka dawa ya minyoo bila kuwaondoa viroboto ni kuteka maji kwa pakacha.

Jambo hili lina hatari yake. Si haba idadi ya wale ambao, wakishagundua viroboto, huchota dawa ya kuogeshea ng'ombe au poda ya mbwa na kumpaka paka. Dawa nyingi za aina hiyo zina pemethrini au amitrazi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja pemethrini kama lile la mbwa. Paka huanza kutetemeka, kisha kupatwa na kifafa, na asipotibiwa haraka hufa. Dawa ya viroboto inayofaa ni ile tu ambayo maandishi yake yanasema wazi kwamba ni ya paka, kwa uzito wake.

Tone dogo la kahawia au kijivu lenye shombo ya samaki aliyeoza, likipatikana pale paka alipolala au aliposhtuliwa, hutoka katika vifuko viwili vilivyo kando ya tundu la haja kubwa. Likitokea mara mojamoja si ugonjwa. Likitokea kila siku, na paka akawa anajiburuza makalio sakafuni, vifuko vimeziba.

Rangi nyekundu

Hadi hapa mengi ni ya usumbufu tu. Doa jekundu au la waridi katika mkojo ni suala la uhai na kifo, na ni hapa ambapo makosa mengi hufanyika.

Sababu ya kawaida zaidi kwa paka ambao hawajatimiza miaka 10 ni uvimbe wa kibofu ambao chanzo chake hakionekani hata daktari akitafuta. Zaidi ya nusu ya paka wanaopelekwa kwa madaktari kwa matatizo ya njia ya mkojo huangukia katika kundi hilo. Viini vya maradhi si sababu ya kawaida kwa paka wachanga, ingawa huwapata zaidi wazee. Mawe ya kibofu huchukua nafasi yake pia.

Uvimbe huo unahusishwa kwa karibu na wasiwasi. Nyumba imepata mtoto mchanga, wageni wa harusi wamejaa sebuleni kwa wiki nzima, familia imehama, mafundi wanagonga, fataki zimelia usiku wa Diwali au wa Mwaka Mpya. Siku chache baadaye, matone ya waridi yanaonekana bafuni. Huenda mwenye nyumba asiyahusishe mambo hayo mawili asilani.

Paka huyo hukojoa mara nyingi, kidogo kidogo, na kwa maumivu. Kwa sababu maumivu humpata akiwa kwenye karai lake, hulichukia karai na kwenda kujaribu kwingine, hasa mahali laini au penye ubaridi. Kumpiga kwa kosa hilo humwongezea ule wasiwasi uliomletea ugonjwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga na kumtesa mnyama.

Kwa jike, hali hiyo huumiza lakini mkojo hupita. Kwa dume ni habari nyingine. Njia yake ya mkojo ni ndefu na nyembamba mno. Mchanga, ute au kijiwe kidogo chaweza kuiziba kabisa.

Dalili zake zinapaswa kujulikana na kila mwenye paka dume. Huenda kwenye karai, huchutama, hujikamua, huondoka, hurudi. Hulia kwa sauti isiyo ya kawaida. Hujiramba sehemu za siri bila kukoma. Anachoacha, ikiwa anaacha chochote, ni tone la waridi lisilozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi moja. Baadaye huacha kula, hutapika na kulala kwa unyonge.

Wengi humwona akijikamua na kudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kupikia au dawa ya kuharisha na kusubiri kesho. Ndani ya saa hizo, kibofu hujaa na kuwa kigumu kama chungwa, figo hushindwa kufanya kazi, na potasiamu hupanda kwenye damu hadi ikauvuruga moyo. Kifo huweza kufika katika muda wa siku moja hadi tatu.

Tiba ipo. Daktari humlaza paka kwa dawa, hupitisha mrija mwembamba kwenye njia ya mkojo, huizibua, na humpa maji kwa mshipa. Lakini tiba hiyo hupimwa kwa saa, si kwa siku. Dume anayejikamua pasi na kutoa mkojo hangoji Jumatatu.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba paka jike hupata hedhi. Mbwa jike hutokwa damu anapokuwa katika joto, na yaelekea dhana hiyo imetoka kwake. Paka hatokwi na damu inayoonekana. Hulia usiku, hujigaragaza, huinua makalio, basi. Damu au majimaji ya kahawia yanayotoka kwa jike ambaye hajazaa yana sababu nyingine.

Mojawapo ya sababu hizo ni usaha katika mji wa mimba, ugonjwa unaoweza kuzuka wiki chache baada ya joto. Paka hunywa maji kupita kiasi, tumbo huvimba, na pale alipokaa hubaki doa zito la rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu. Lipo hata umbo la ugonjwa huo lisiloacha doa lolote kwa sababu mlango wa mji wa mimba umefunga, na hilo ndilo baya zaidi. Matibabu ya uhakika ni upasuaji. Kwa jike aliyetoka kuzaa, uchafu wa kahawia iliyochanganyika na wekundu kwa wiki mbili au tatu ni wa kawaida, mradi haunuki vibaya na mama anakula.

Damu inayotoka puani, kwenye ufizi au katika kinyesi, na madoa yake kuonekana hapa na pale bila mpango, huleta fikira ya sumu ya panya. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na athari zake huchukua siku kadhaa kujitokeza. Si lazima paka awe ameila sumu yenyewe. Kula panya walioila kwaweza kutosha. Tiba ni vitamini K1 anayoitoa daktari, na pakiti ya sumu ikipatikana iende pamoja na mgonjwa.

Rangi ya kahawa chungu

Mkojo wa kahawia iliyokolea, rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho kama chai ya rangi au kahawa chungu, mara nyingi haumaanishi jeraha la kibofu. Huashiria kwamba chembe nyekundu za damu zinavunjika ndani ya mwili. Jikoni pana washukiwa wawili.

Mshukiwa wa kwanza ni kitunguu. Paka wa nyumba nyingi za Kenya hula mabaki, yaani ugali na mchuzi, wali uliokaangwa, sukuma wiki. Karibu vyakula vyote hivyo vina kitunguu, na vingine kitunguu saumu. Kibichi, kilichopikwa au cha unga, vyote huharibu chembe nyekundu za paka. Ladha ya mara moja huenda isilete jambo. Mchuzi wa kila siku ni kitu kingine.

Mshukiwa wa pili ni mkali zaidi. Ni parasetamoli, kidonge ambacho wengi hukiita Panadol bila kujali kampuni iliyokitengeneza. Paka huonekana ana homa, mtu mwenye huruma humvunjia kidonge. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuisafisha dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya matope, uso na nyayo huvimba, pumzi hukatika, na mkojo huwa mweusi. Hapana kiasi cha parasetamoli ambacho ni salama kwa paka.

Mkojo wa rangi ya chungwa, pamoja na weupe wa macho na ufizi kuwa wa manjano, huelekeza kwenye ini.

Madimbwi makubwa yasiyonuka

Kinyume na matone mekundu, yapo madimbwi mapana, yenye rangi hafifu kama maji na harufu ndogo. Paka mzee aliyeanza kuyaacha huenda figo zake zimechoka na hazina tena ule uwezo wa kubana maji. Bakuli lake la maji nalo hukauka upesi kuliko zamani.

Iwapo sisimizi hujipanga kwenye doa hilo, kisukari hakiko mbali. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliitambua dalili hiyo kwa wanadamu karne nyingi kabla ya vipimo vya maabara kubuniwa, na sisimizi hawajabadilisha tabia. Paka wanene waliovuka umri wa kati, hasa madume waliohasiwa, ndio walio katika hatari kubwa. Bila shaka sisimizi huvutwa pia na makombo, kwa hiyo jawabu hutoka katika kipimo cha mkojo na damu.

Matapishi hayana mengi ya kueleza. Kitu chembamba chenye nywele, mfano wa sigara iliyolowa, ni nywele alizozimeza akijiramba. Povu la manjano ni nyongo. Doa jekundu lililobaki baada ya kutapika chakula cha pakiti mara nyingi ni rangi iliyotiwa kiwandani. Matapishi yafananayo na masalia ya kahawa, hata hivyo, ni damu iliyokaa tumboni.

Mate yenye rangi ya kutu kwenye mto wa paka mara nyingi hutokana na meno na ufizi mbovu. Lakini paka anayetokwa mate mfululizo, aliyebadilika tabia ghafla akawa mkali au akawa kama amelewa, hasa asiyekuwa na chanjo, asiguswe kabisa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa humpata paka pia. Aliyeumwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufuta

Kosa la mwisho ni kufuta ushahidi. Doa lipigwe picha kwa simu kabla ya kuguswa, sarafu ikiwekwa kando ili ukubwa wake uonekane. Tarehe na saa ziandikwe, pamoja na kile paka alichokula. Video fupi ya paka akichutama humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mkojo kwa ajili ya kipimo huweza kupatikana kwa kuondoa mchanga kwenye karai na kuweka changarawe safi zilizooshwa na kukaushwa. Mkojo umiminwe kwenye chupa safi na ufikishwe ukiwa mbichi, au ukae kwenye friji kwa saa chache tu.

Katika kusafisha, damu hutaka maji baridi, kwani ya moto huikamatisha kwenye kitambaa. Mkojo unyonywe kwanza kwa taulo kuukuu bila kusugua, kisha itumike sabuni yenye vimeng'enya. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe, maana harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita paka arudie. Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, isimwagwe juu ya mkojo. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na katika bafu lisilo na dirisha hatari huzidi.

Mja mzito amwachie mtu mwingine kazi ya kinyesi na karai. Kimelea cha toksoplazma kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni huhitaji kati ya siku moja na tano baada ya kinyesi kutoka ili kiweze kuambukiza, ndiyo sababu karai linapaswa kusafishwa kila siku. Pasipo mtu mwingine, avae glavu na kunawa.

Na mahali palipokwisha kusafishwa, ikiwa daktari ameshathibitisha kwamba paka hana ugonjwa, panaweza kuwekwa bakuli lake la chakula kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida paka hakojoi mahali anapokula.